Kura Zipi Zitupwe? Mjadala wa Nyacheki kuhusu Daftari la Bunge

MCHANGANUZI WA DATA: Faili la kura za Bunge haliingii kwenye programu jinsi lilivyotoka kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge. Lazima lichujwe. Kura ambayo wabunge wote wamesema ndiyo hainiambii nani yuko karibu na nani, maana siku hiyo wote wamesimama mahali pamoja. Katika lugha ya kompyuta iitwayo R, pakiti ya pscl aliyoitengeneza Simon Jackman huziondoa kura za namna hiyo yenyewe usipoikataza. Pakiti ya wnominate, inayofuata njia ya Keith Poole na Howard Rosenthal, ni kali zaidi: upande mdogo usipofika asilimia 2.5, kura inatupwa, na mbunge ambaye hajafikisha kura 20 anatupwa vilevile. Tunataka kuwapanga wabunge wetu kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027: tisa wa maeneobunge ya Kisii, wanne wa Nyamira, na wawakilishi wanawake wawili. Bila kuchuja tutachora takataka.

MWALIMU WA HISTORIA: Binti yangu, hizo namba mbili, 2.5 na 20, zilipimiwa Bunge gani?

MCHANGANUZI: La Marekani, Mwalimu.

MWALIMU: Bunge linalopiga kura za majina mamia kwa mwaka. Huko mbunge asiyefikisha kura 20 ni mtu aliyeingia jana au aliyekuwa mgonjwa muda mrefu. Sasa tuseme umekusanya kura za majina 25 za Bunge letu. Mbunge aliyekosa sita kati ya hizo amebaki na 19, na programu inamfuta. Mtoro anatoka kwenye orodha akiwa msafi, na mwenzake aliyehudhuria ndiye anabaki kupimwa. Chujio lako linamlinda yule yule ambaye wapiga kura wa hapa Bobasi wangependa kumwona.

MCHANGANUZI: Kikomo kinabadilishwa. Naweza kuandika tano badala ya 20.

MWALIMU: Na tano umeitoa wapi?

KARANI MSTAAFU: Kabla hamjagombana juu ya tano, mjue daftari hilo lilivyoandikwa. Mambo mengi bungeni huamuliwa kwa sauti. Spika anauliza, wanaounga mkono wanasema ndiyo, wanaopinga wanasema la, naye anatega sikio na kutamka nani wameshinda. Hakuna jina linaloandikwa. Siku za kawaida, ili majina yaandikwe, mbunge adai hivyo na wenzake 30 wasimame kumuunga mkono. Hapo kengele inalia, milango inafungwa, kila mmoja anabonyeza kitufe chake au anaitwa jina na kujibu. Kwa hiyo kura unazoziona kwenye faili, mwanangu, zimeshachujwa mara moja na sikio la Spika na mara ya pili na hao 30. Na wanaosimama huwa na sababu: ama wanataka nchi ijue nani amepinga, ama kiranja wa chama anataka kuwahesabu watu wake.

MWALIMU: Ndiyo maana nasema tusichuje tena. Chukua Desemba 2016. Wabunge wa upinzani, CORD, walitoka nje ya ukumbi, na waliobaki wakapitisha mabadiliko ya sheria za uchaguzi. Anayeisoma siku hiyo kwa hesabu ya waliobaki ndani ataona Bunge lililokubaliana, na siku hiyo nchi ilikuwa imegawanyika vipande viwili. Ukiwaambia vijana kwamba kura isiyo na wapinzani haina habari, umewafundisha uongo kuhusu Kenya.

MCHANGANUZI: Sijasema haina habari, Mwalimu. Nimesema haina habari kwa swali hili. Hesabu inajaribu kumweka kila mbunge mahali kwenye mstari, na inamweka kwa kuangalia alitofautiana na nani, mara ngapi. Kura isiyo na tofauti ukiiingiza haisogezi mtu yeyote. Ikibaki na mpinzani mmoja ni mbaya zaidi: pengine mmoja huyo alibonyeza kitufe kisicho chake, na programu itahangaika kumtafutia pembe ya peke yake. Kikomo cha asilimia 2.5 kiliwekwa kuzuia balaa hilo.

MWALIMU: Katika ukumbi wenye wapiga kura 300, asilimia 2.5 ni watu saba na nusu. Kwa hiyo wabunge saba wakisimama dhidi ya 293, wakijua chama kitawaadhibu, wewe unaifuta siku yao.

MCHANGANUZI: Naifuta kwenye mchoro.

MWALIMU: Mchoro ndio utakaobandikwa sokoni.

MKULIMA WA CHAI: Mimi mstari wenu siujui. Nauliza siku moja tu. Tarehe 25 Juni 2024, vijana wako barabarani Nairobi, Mswada wa Fedha uko mezani. Mbunge fulani alisema nini?

MCHANGANUZI: Siku hiyo haikuchujwa, mama. Ndiyo 195, hapana 106, kura 3 ziliharibika. Waliopinga ni zaidi ya theluthi ya waliohesabiwa, kwa hiyo ni kura nzuri sana kwa hesabu. Kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi, lakini kura inabaki. Kinachonisumbua ni hiki: 195 na 106 na 3 ni 304. Bunge la Kitaifa lina viti 349 bila Spika. Viti 45 havina jibu. Niviandike nini?

MKULIMA: Andika watoro.

KARANI: Polepole, mama. Kimoja kati ya hivyo 45 ni cha Banissa, kule Mandera. Mbunge wake, Kulow Maalim Hassan, alifariki Machi 2023. Tume ya uchaguzi ilikuwa haina makamishna tangu Januari mwaka huo, nayo ikakaa hivyo hadi Julai 2025. Uchaguzi mdogo ulifanyika tarehe 27 Novemba 2025. Kwa hiyo siku ya Mswada wa Fedha watu wa Banissa hawakuwa na mtoro. Hawakuwa na mbunge. Na msione ni jambo la mbali. Hapa kwetu Bonchari, John Oroo Oyioka alifariki Februari 2021. Kura ya BBI, mswada wa kubadilisha Katiba, ikapigwa tarehe 6 Mei: 224 wakaunga mkono, 63 wakapinga. Uchaguzi mdogo wa Bonchari ulikuja tarehe 18 Mei, Pavel Oimeke akashinda. Sasa mtu akichora ramani ya Kisii kuhusu BBI na kuitia Bonchari rangi ya utoro, amewasingizia watu waliokuwa wamefiwa.

MCHANGANUZI: Hapo umenisaidia, mzee, maana ndiyo sababu ya kuchuja kwa uangalifu. Kila seli kwenye jedwali ina msimbo. Kuna ndiyo, kuna hapana, kuna aliyekuwepo asipige kura, kuna asiyekuwa mbunge siku hiyo. Katika data ya Voteview ya Marekani, 0 maana yake mtu hakuwa mbunge, na 9 maana yake alikuwa mbunge lakini hakupiga kura. Katika pscl, usipoielekeza vingine, 0 ni hapana, na 9 ndiyo asiyekuwa mbunge. Mtu akitayarisha faili kwa mtindo mmoja na kulisomesha kwa mtindo mwingine, marehemu wa Bonchari anapinga BBI na mtoro anageuka kuwa hajawahi kuchaguliwa. Programu hailalamiki. Inatoa mchoro mzuri, wenye rangi.

(Mimi mwandishi nikatize kidogo. Kwa maoni yangu hapa ndipo mjadala ulipogusa mfupa. Wengi wetu tunaogopa takwimu zilizopikwa kwa makusudi, na tunazisahau hizi zilizoharibiwa na sifuri moja iliyosomwa vibaya, ambazo hakuna aliyekusudia na kwa hiyo hakuna anayezitafuta. Wasemaji waendelee.)

MWALIMU: Basi tukubaliane kiti kitupu kiondolewe. Sina ugomvi. Lakini aliye hai, mwenye kiti, anayelipwa, asiyeingia ukumbini, huyo hesabu yenu inamwita nini?

MCHANGANUZI: Data inayokosekana. Inarukwa.

MWALIMU: Inarukwa! Mswada wa thuluthi mbili ya jinsia ulishindwa 2016, ukarudi Februari 2019. Ni marekebisho ya Katiba, unahitaji thuluthi mbili ya wabunge wote, yaani 233. Ukumbini walipatikana 174. Mswada ukafa. Uliuawa na nani? Si wale waliosimama kuupinga. Uliuawa na viti ambavyo havikuwa na watu. Kikatiba, siku kama hiyo, asiyekuwepo anahesabiwa sawa na aliyepinga. Vivyo hivyo tarehe 8 Oktoba 2024, wakati wa kumbandua Naibu Rais Rigathi Gachagua: zilihitajika 233, zikapatikana 281, wakapinga 44, mmoja hakuunga upande wowote. Aliyekaa nyumbani siku hiyo alimnufaisha Gachagua, atake asitake. Wewe unamruka kana kwamba hakutenda kitu.

MCHANGANUZI: Nikimhesabu kama hapana nitamsingizia vingine. Labda alikuwa hospitalini. Labda alikuwa na kamati yake kaunti nyingine. Labda alikuwa nje ya nchi na ruhusa ya Spika mfukoni. Daftari halisemi. Nimweke upande wa waliopinga haki ya wanawake kwa sababu alilazwa?

MKULIMA: Wote 175 waliokosekana walilazwa?

MCHANGANUZI: Hapana, mama.

MKULIMA: Basi.

KARANI: Lakini swali la binti ni la haki. Siku ambazo theluthi mbili ya wote inatakiwa ni chache. Siku za kawaida Kifungu cha 122 kinasema uamuzi ni wa wengi kati ya waliopo na wanaopiga kura. Hapo asiyekuwepo kweli hahesabiwi popote. Kwa hiyo utoro mmoja una uzito tofauti kulingana na kinachoamuliwa, na jedwali lenu lina safu moja tu ya kura. Ongezeni safu nyingine inayoonyesha kura hiyo ilihitaji nini ili ipite. Tena msiisahau Seneti. Mambo yanayohusu kaunti hupigiwa kura kwa ujumbe, Kifungu cha 123: kaunti moja, kura moja, inayopigwa na kiongozi wa ujumbe. Kura 47. Mambo mengine kila seneta anapiga yake, wote 67. Mkiingiza aina hizo mbili kwenye jedwali moja, maseneta walioteuliwa wataonekana watoro kila siku ya mambo ya kaunti, na hawakuwa na kura ya kupiga.

MCHANGANUZI: Hilo nalikubali lote. Naongeza: tunatenganisha majedwali mawili ya Seneti.

MWALIMU: Unakubali upesi mno, nami bado sijafika ninapokwenda. Hata ukichuja vizuri, mstari wako unapima nini? Chukua mbunge wa ODM, chama kilichokuwa upinzani. Juni 2024 anapinga Mswada wa Fedha. Julai vigogo wa chama chake wanateuliwa kuingia Baraza la Mawaziri. Oktoba anapiga kura pamoja na upande wa serikali kumwondoa Naibu Rais. Programu itasema amehama kutoka mwisho mmoja wa mstari hadi mwingine, au itamweka katikati na kumwita mtu wa wastani. Huyu si mtu wa wastani. Ni mtu aliyeitwa mkutanoni akaambiwa tumeelewana.

MCHANGANUZI: Tatizo hilo halikuzaliwa Kenya. Arthur Spirling na Iain McLean waliandika mwaka 2007 kuhusu Bunge la Uingereza. Wabunge wa Labour wa mrengo wa kushoto kabisa walikuwa wakimpinga Waziri Mkuu wao, Tony Blair, kwa kupiga kura pamoja na Conservative, kila upande kwa sababu yake. Hesabu ikawaweka waasi hao karibu na kati, na waliokuwa kushoto kwao ni watiifu wa chama. Bunge letu limerithi mtindo wa Westminster, kiranja na yote. Kwa hiyo mstari unaonyesha nani yuko na serikali na nani yuko nje, basi. Nakubali tuuite hivyo. Na tugawanye faili: kura za kabla ya Julai 2024 peke yake, za baada peke yake.

MWALIMU: Ukigawanya, kura 25 zinakuwa 12 na 13.

MCHANGANUZI: Ndiyo.

MWALIMU: Na kikomo ni 20.

MCHANGANUZI: Mwalimu, unataka tusifanye kazi hii kabisa?

MWALIMU: Nataka msiyaite matokeo ya hesabu kile ambacho ni chaguo lenu. Kikomo ni chaguo. Tarehe ya kugawanya ni chaguo. Kuiondoa kura ya kauli moja ni chaguo, nami nina mfano unaoniuma. Mei 2013, wiki chache tu baada ya kuapishwa, Bunge la Kitaifa lilipitisha ripoti ya kubatilisha notisi za tume ya mishahara zilizowapunguzia wabunge malipo. Wananchi walikuwa wameandamana hadi langoni na nguruwe. Humo ndani Jubilee na CORD hawakuwa maadui siku hiyo. Hakuna siku iliyotuonyesha wazi zaidi Bunge ni la nani. Kwa kipimo chenu siku hiyo ni sifuri.

MKULIMA: Hapo Mwalimu amenena.

MCHANGANUZI: Amenena, lakini wabunge walipatana kwa sauti, majina hayakuandikwa. Hata nisipochuja chochote, sina cha kuingiza. Unanilaumu kwa chujio la Spika.

KARANI: Ni kweli, hana cha kuingiza. Lakini angeweza kuandika mstari mmoja: tarehe hii, hoja hii, ilipita kwa sauti, majina hayapo. Pengo likiandikwa linaonekana.

MKULIMA: Sasa nisikilizeni. Mimi napeleka majani kituoni. Karani wa ununuzi anamwaga kikapu mezani, anachambua. Majani mawili na chipukizi anachukua, lile lililokomaa anatupa pembeni. Simchukii, kiwanda hakitaki jani gumu. Lakini anachambua mbele yangu. Naona alichotupa, naona ni kingi au kidogo, nikitaka nabishana naye. Akianza kuchambulia nyuma ya pazia na kuniletea karatasi ya kilo, hiyo kilo siikubali hata kama ni sahihi. Nyinyi mnachambulia wapi?

MCHANGANUZI: Kwenye kompyuta yangu.

MKULIMA: Ndilo pazia.

MCHANGANUZI: Basi nitatoa vitu vitatu. Faili zima kama lilivyonakiliwa kutoka Hansadi. Orodha ya kila kura iliyoondolewa na kila mbunge aliyeondolewa, na sababu yake mbele ya jina. Na maagizo yenyewe niliyoiandikia programu, mtu mwingine ayaendeshe apate kile kile. Tena nitachora mara tatu, kwa kikomo cha 20, cha kumi na cha tano. Mbunge asiyehama nafasi katika michoro yote mitatu, nitasema juu yake. Anayerukaruka, sitasema.

MWALIMU: Nani Nyacheki atasoma orodha ya kura zilizotupwa?

MKULIMA: Mimi.

KARANI: Hata tovuti ya Mzalendo ilianza hivyo mwaka 2005, Ory Okolloh na Conrad Akunga, watu wawili walioona kwamba mwananchi hana pa kumwona mbunge wake anachofanya. Wasomaji walipatikana. Mimi wasiwasi wangu uko kwingine, chini zaidi. Mnaichukulia Hansadi kama ardhi ngumu. Novemba 2025, hapo Nyamira, wawakilishi wadi 23 kati ya 35 walihesabiwa kwamba wamembandua Gavana Amos Nyaribo. Theluthi mbili ya 35 ni 23 na kitu, kwa hiyo 23 hawatoshi. Seneti ikaitupa kesi Desemba kwa sababu ya idadi hiyo, bila hata kuyasikiliza mashtaka yenyewe, na kati ya yaliyobishaniwa ni kama wote waliohesabiwa walikuwa ukumbini. Chujio gani la R litakuambia aliyeandikwa ndiyo hakuwepo?

MCHANGANUZI: Hakuna. Programu inasoma kilichoandikwa.

KARANI: Kwa hiyo uandike hivyo pia.

MWALIMU: Na mbunge aliyetiwa alama ya kutokuwepo aulizwe kwanza. Kabla jina lake halijabandikwa popote, barua imfikie: siku hizi hukuwepo, una la kusema? Ofisi ya Karani wa Bunge nayo iandikiwe. Kifungu cha 35 kinatupa haki hiyo, na sheria ya 2016 ya kupata habari inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu.

MCHANGANUZI: Siku 21 nazikubali. Zikipita kimya, naandika hajajibu, na ninachapisha. Sitangoja hadi mchujo wa vyama upite, halafu nitoe mchoro ambao hauna wa kuuhitaji.

MWALIMU: Na mtu ashuke kwenye orodha yako kwa barua ambayo huenda haikumfikia?

MCHANGANUZI: Hashuki. Kura zikiwa chache mno anatoka kwenye orodha ya nafasi, anabaki kwenye faili zima, siku zake zote, alizokuwepo na alizokosa.

MWALIMU: Yaani bado unamtoa.

MCHANGANUZI: Kwenye mstari, ndiyo. Siwezi kumpa nafasi ambayo kura zake hazikuijenga. Huo ndio utakuwa uongo.

MKULIMA: Basi, mwanangu, huo mstari mpe Mwalimu mbishane. Mimi nipigie chapa hilo faili zima, herufi kubwa, tarehe kwanza.